Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Misheni Irudi Kuwa Kivuli cha Mtaa

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: bustani kongwe za misheni zilizobaki katikati ya nyumba zetu hapa Dar es Salaam, nyingine zimefungwa kwa kufuli, nyingine zimegeuzwa maegesho, na majirani wanataka zirudi kuwa mahali pa watu kukaa. Tumezijibu kwa kufuata mfuatano wa kazi yenyewe. Aliyeuliza habari ya mwembe na pevingi tumemjibu kirefu, maana mti wake hauna muda wa kungoja toleo lijalo.

Shikamooni. Usharika umeturuhusu kufufua bustani ya nyuma ya kanisa, kama nusu eka hivi, imejaa vichaka. Vijana wapo tayari na mapanga Jumamosi hii. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kamati ya bustani, Kurasini*

Marahaba, ndugu katibu. Mapanga yabaki nyumbani Jumamosi hii. Nendeni na tepu ya mita 50, kamba ya fundi, daftari, na nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita moja na nusu, iliyochongwa ncha.

Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Igaweni kwa kamba katika vyumba vya mita tano kwa tano, mchore kila chumba kwenye daftari. Kila mti uliozidi unene wa mkono upewe namba, mfungie kitambaa, na mpime mzunguko wa shina kwenye urefu wa kifua. Halafu fuateni kamba na nondo, mkiichoma ardhini kila nusu mita. Kwenye mchanga inazama kimya. Ikigusa jiwe inagonga mkononi. Ikigonga mara tatu au nne mfululizo kwenye mstari mmoja, huo ni ukingo wa njia ya zamani, msingi, au mfereji. Hapo chimbeni kishimo cha sentimita 50 kwa 50, kina 30, kwa mwiko. Jembe linavunja kabla macho hayajaona.

Baada ya ramani ndipo mfyeke, kwa awamu. Mara ya kwanza kateni kwenye usawa wa kifundo cha mguu, msing'oe. Ngojeni wiki mbili. Visiki vya mlimau, asumini, na vitunguu vya maua vilivyolala chini kwa miaka vitachipua vyenyewe, na kila kinachochipua kwenye mstari ulionyooka kilipandwa na mtu. Kamati zinazong'oa kila kitu siku ya kwanza hupoteza bustani yenyewe, kisha hununua nyingine kitaluni. Na msichome moto taka za kufyeka: moto unaua mizizi ya juu ya miti na unapasua mawe ya matumbawe.

Kazi ya kupima na kufyeka ifanyike Julai hadi Septemba. Kupanda kungoje masika, mvua za Machi zikishalowesha ardhi. Mche uliopandwa kwa mvua za vuli unakutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado na mizizi ya kiganja, na usipokuwa na maji ya uhakika utaufukia.

Tutajuaje kilichopandwa zamani ni kipi na kilichojiotea ni kipi? Wazee wanasema kila kitu ni cha wamisionari wa kwanza.
*Msomaji, Pugu*

Kwa upande wa Pugu, hesabu ya miaka inataka uangalifu. Wabenediktini walifika hapo mwaka 1888, na kituo chao kikaharibiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Kwa hiyo mti wa eneo hilo mara nyingi ni wa vipindi vilivyofuata. Vilevile bustani za mjini: kanisa la Azania Front lilianza kujengwa 1898, la Mtakatifu Yosefu 1897, na bustani ya mimea ya serikali ya Kijerumani ilianzishwa 1893, ikawa chanzo cha miche mingi mjini. Hizo ndizo tarehe za kuanzia kuhesabu.

Tazama mpangilio. Wamisionari wa pwani walipanda kwa mistari. Nenda Bagamoyo, kituo cha Mapadri wa Roho Mtakatifu kilichoanzishwa 1868, utembee chini ya safu ya miembe inayoelekea kanisani. Utaelewa kwa macho kuliko kwa maelezo yetu. Miembe yenye nafasi sawa, mita 10 hadi 12, ilipandwa. Mwarobaini uliosimama ndani ya ufa wa ukuta uliletwa na ndege. Miashoki iliyobanana kwenye uzio, kwa kawaida, ni ya miaka ya karibuni.

Picha za zamani zipo. Ulizeni ofisi ya parokia au usharika, kisha Kumbukumbu za Taifa pale Upanga. Wazee muwahoji, lakini muwatembeze bustanini. Mtu akisimama pale pale alipokuwa anaokota embe utotoni, kumbukumbu yake inakuwa na vipimo.

Bustani yetu ina mwembe mkubwa sana, mzunguko wa shina mita 2.8. Miaka mitatu iliyopita tulitandika pevingi hadi shinani ili viti vikae vizuri. Sasa matawi ya juu yanakauka na majani yamekuwa madogo. Fundi anasema tuukate kabla haujaangukia watu.
*Mama mlezi wa vijana, Upanga*

Mama, usiukate bado. Dalili ulizoandika, majani madogo na kukauka kuanzia kileleni kushuka chini, ni za mti uliokosa pumzi mizizini. Mizizi myembamba inayofyonza maji na hewa, karibu yote, iko katika sentimita 60 za juu za udongo, na inaenea mbali kuliko kivuli chenyewe. Kabla ya kutandika pevingi, fundi alishindilia ardhi kwa mashine, akamwaga kifusi, akafunika. Mvua ikawa inateleza juu, hewa haishuki. Mti wa umri huo una akiba, ndiyo maana haukufa mwaka wa kwanza. Unakula akiba.

Pimeni eneo la kulinda hivi: mzunguko wa mita 2.8 ukigawanywa kwa 3.14 ni unene wa sentimita 89. Zidisha kwa 12, unapata mita 10.7 kutoka shinani kila upande. Ndani ya duara hilo pevingi zote zitoke, kwa mkono na mtaimbo, bila mashine ya kijiko wala lori kuingia. Kifusi cha chini yake mkitoe kwa koleo na uma wa bustani, na mkikuta mzizi wenye unene wa kidole gumba au zaidi, pitieni pembeni, msiukate. Udongo ulioshindiliwa uchomeni kwa uma kila sentimita 30, mkiutikisa bila kuugeuza. Halafu mboji iliyoiva, unene wa sentimita 3, na juu yake matandazo ya majani makavu na vipande vya matawi, sentimita 5 hadi 7. Matandazo yasiguse shina: acheni wazi kiganja kimoja kuzunguka, la sivyo gome linaoza na mchwa wanapata ngazi.

Maji: kiangazi chote, mara moja kila siku 10, yaingie polepole hadi udongo uwe umelowa sentimita 30 chini. Jaribuni kwa nondo. Kwenye unyevu inapita laini, ikifika pakavu inagoma. Kunyunyizia kila jioni kidogo kidogo kunazoesha mizizi kubaki juu.

Matawi makavu yatolewe mara moja kwa usalama wa watu. Matawi mabichi, kama kuna haja, mngoje mavuno yaishe, Februari, na msizidishe robo ya kilele kwa mwaka. Tawi zito linakatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene wake. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka bila kuchana gome hadi chini. Wa tatu ni wa kuondoa kigutu, ukifuata kishingo, ile mikunjo ya gome pale tawi lilipotokea. Usikate kishingo, usiache kigutu kirefu. Kidonda msikipake saruji, lami wala rangi. Kikifunikwa, unyevu unakaa ndani na kuoza kunaendelea mahali msipopaona. Mti unajifunga wenyewe kuanzia kwenye kishingo.

Sasa swali la kuanguka. Gongeni shina kwa nyundo ya mbao kuzunguka lote. Mlio wa debe tupu ni uwazi ndani. Tazameni shinani kama kuna uyoga mgumu kama ubao, na kama ardhi upande mmoja imeinuka au imepasuka. Mkiona lolote kati ya hayo, zungushieni kamba, watu wasikae chini yake, na muiteni afisa misitu wa manispaa aje aupime. Hata ukibidi kukatwa, kibali kinapitia kwake.

Na viti vyenu? Jengeni kibaraza cha mviringo, lakini cha miguu, si cha ukuta wa tofali uliojazwa udongo. Kujaza udongo juu ya mizizi ni pevingi kwa jina jingine. Miguu ya zege ya sentimita 20 kwa 20 iwekwe angalau mita moja na nusu kutoka shinani. Kila shimo lichimbwe kwa mkono, na likikuta mzizi, mguu ndio unaohama. Kikalio kiwe urefu wa sentimita 45 kutoka chini, upana 40 hadi 45, na kila mkaaji ahesabiwe sentimita 60. Mbao ziwe na nafasi ya kidole kati yake ili maji yapite. Pevingi zilizotoka zinafaa kwa njia nje ya duara: upana mita 1.5, na mahali penye mwinuko, kwa kila sentimita moja ya kupanda pawe na sentimita 12 za urefu, ili kiti cha magurudumu kipite bila kusukumwa na watu wawili.

Ukuta wa bustani ni wa mawe ya matumbawe. Tuliupiga lipu ya saruji mwaka juzi, tukapaka rangi ya plastiki. Umejaa malengelenge, lipu inabanduka vipande vikubwa na nyuma yake kuna unga mweupe. Fundi anataka kuongeza saruji.
*Mweka hazina wa parokia, Temeke*

Mkiongeza saruji mtaongeza ugonjwa. Ukuta huo ulijengwa kwa chokaa, na chokaa inavuta na kutoa unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya jiwe yakiwa na chumvi, zamani yakatoka kwa upepo bila madhara. Lipu ya saruji na rangi ya plastiki zimeziba mlango. Maji yanakaukia nyuma ya lipu, chumvi inabaki pale, inaganda na kutanuka, inasukuma. Ule unga mweupe ndio huo.

Anzeni na maji. Zibeni bomba linalovuja, geuzeni mfereji unaomwaga ukutani, na udongo uliorundikwa ukutani uondoeni: shusheni ardhi ya nje hadi chini ya lipu kwa sentimita 15. Kisha bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kukatia inaleta mtikisiko na inakula jiwe. Pale ambapo saruji imeshika kuliko jiwe lenyewe, iacheni. Chumvi ifagieni kwa ufagio wa chelewa ukiwa mkavu, muizoe mkaitupe mbali. Mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Baada ya hapo ukuta uachwe wazi ukauke miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Hapa ndipo kamati nyingi zinashindwa, kwa sababu ukuta uliovuliwa unaonekana kama kazi iliyotelekezwa. Bandikeni kibao kuwaeleza watu.

Mchanga uwe wa mto, mkali, uliochekechwa kwa wavu wa milimita 5. Mchanga wa pwani una chumvi, usiingie hata toroli moja. Utieni kwenye chupa ya maji, mtikise, mngoje saa moja: tope likilala juu ya mchanga kwa unene mkubwa, uosheni. Chokaa ya mfuko ilowekwe kwenye pipa wiki mbili au zaidi, ikifunikwa na maji juu, hadi iwe nzito kama mtindi uliochujwa.

Vipimo kwa ndoo: chokaa 1, unga wa tofali la kuchoma nusu, mchanga 2.5. Unga wa tofali unasaidia chokaa kushika katika hewa yetu yenye unyevu. Changanyeni bila kuongeza maji. Mchanganyiko utaonekana mkavu, fundi atataka ndoo ya maji, mkatalieni. Upigwe kwa mpini wa jembe dakika 20 na unyevu uliomo kwenye chokaa utajitokeza. Umeiva ukishika kwenye mwiko uliopinduliwa bila kudondoka.

Lowesheni ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kazi. Pigeni unene wa milimita 10, si zaidi, mngoje siku saba, kisha mkono wa pili wa lipu. Kila mkono ufunikwe magunia mabichi siku saba, yalowekwe asubuhi na jioni. Chokaa haikauki ikashika. Inashika kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ukikwaruza kwa ukucha ikatoa unga kama wa chaki, ilikaukia juani kabla ya wakati, na mkono huo utoke. Kwa ukuta wa mita 20 wenye kimo cha mita 1.5, upande mmoja, mikono miwili, andaeni mchanga kama mita za ujazo 0.7 pamoja na unga wa tofali, na chokaa mifuko saba ya kilo 25. Mwisho ni kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tano, siku moja kila mara. Wapakaji wavae glavu na miwani; chokaa inaunguza jicho kwa dakika chache.

Tumekuta kisima cha zamani chini ya mfuniko wa zege. Tunataka kumwagilia nacho. Je, kinafaa?
*Kijana wa umoja, Kigamboni*

Kwanza uhai. Asishuke mtu kisimani kabla ya kukiacha wazi siku nzima, asishuke peke yake, na asishuke bila kamba mwilini iliyoshikwa na watu wawili juu. Mashine ya petroli isiteremshwe ndani hata kidogo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inayoua kabla mtu hajapiga kelele.

Kisha chumvi. Kigamboni na ufukwe wote, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, na mota kubwa inavuta chumvi kutoka chini. Pimeni kwa kipima chumvi: chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita (µS/cm) yanafaa kwa karibu kila mmea, kati ya 700 na 3,000 kwa uangalifu, juu ya 3,000 yaacheni kwa minazi, mikungu na mivinje. Pimeni kabla ya kuvuta na baada ya saa moja ya kuvuta. Namba ikipanda, punguzeni: mota ndogo, saa moja ya kuvuta, saa tatu za kupumzisha, maji yaingie kwenye tangi kwanza.

Kukisafisha: toeni tope, halafu hesabuni maji yaliyomo. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita kama 2,260. Gramu 175 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 zinatosha. Ziyeyusheni kwenye ndoo, mimineni mkizunguka kuta, acheni usiku kucha, kisha vuteni hadi harufu iishe. Maji hayo ya kwanza yasiende kwenye mimea. Hata baada ya hapo ni ya bustani. Ya kunywa yanahitaji kupimwa maabara. Na kama mnafikiria kuchimba kipya kwa mashine, kibali ni cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Nondo yetu imegonga mawe yaliyopangwa mstatili, mashariki kwa magharibi, karibu na uzio. Yanaweza kuwa makaburi?
*Msomaji, Magomeni*

Yanaweza. Simamisheni kazi hapo, msichimbe, fukieni kishimo mlichofungua. Mjulisheni paroko au mchungaji, serikali ya mtaa, na Idara ya Malikale. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969, na si kazi ya kamati ya bustani. Wengi huishia kupazungushia ua mfupi wa asumini na kupaacha kimya ndani ya bustani, nasi tunaona ndiyo njia njema.

Nyasi za ukoka zinakufa chini ya miti kila tunapopanda. Mbolea gani?
*Mtunza bustani, Oysterbay*

Hakuna mbolea ya jua. Ukoka unataka mwanga wa mchana kutwa. Mahali pa kivuli chepesi pandeni nyasi za Pemba, zile za jani pana, vipande kila sentimita 20. Kwenye kivuli kizito tandazeni majani makavu, mfagie njia peke yake. Watu wa pwani wamekaa juu ya mkeka chini ya mwembe miaka yote bila nyasi.

Bustani imekamilika, sasa ugomvi. Wengine wanataka harusi kila Jumamosi, majirani Waislamu wanalalamikia spika, na parokia inasema ardhi ni yake.
*Mwenyekiti wa kamati, Mbagala*

Ardhi ni ya parokia kweli, mwenyekiti, na kwa kawaida hati inashikiliwa na wadhamini waliosajiliwa wa jimbo au dayosisi. Kwa hiyo saini ya paroko peke yake haiwatoshi. Paroko akihamishwa, makubaliano yanahama naye. Andikeni mkataba wa matumizi wa miaka mitano au zaidi, upitie kwa wadhamini, serikali ya mtaa ishuhudie. Uwe na mambo haya bila kuzungusha maneno: nani anashika ufunguo, nani analipa maji, nani anafagia siku ipi, mti ukianguka nani anagharimia, na fedha za kukodisha zinaingia akaunti gani.

Kuhusu harusi, hesabuni kwa ardhi. Eneo la wazi la mita za mraba 300 linachukua watu 200 waliokaa kwa nafasi. Shughuli kubwa ziwe mbili kwa mwezi, na hakuna hata moja kati ya Machi na Mei, maana udongo uliolowa ukikanyagwa na watu 200 unashindiliwa kama kwa mashine, tukarudi kwenye ugonjwa wa mwembe wa Upanga. Maturubai yafungwe kwenye mifuko ya mchanga. Misumari mirefu na kamba kwenye matawi zipigwe marufuku.

Spika: waiteni majirani kabla ya kuandika kanuni. Saa za adhana na za misa zinajulikana na kila mtu mtaani, kwa hiyo ratiba inaandikika kikao kimoja. Na kamati iwe na viti vya kudumu kwa majirani wa nje ya parokia, wawili angalau, mmoja awe mama anayeuza au anayepita hapo kila siku. Huyo ndiye anayeona bomba linalovuja kabla ya mwenyekiti.

Kuna birika la mawe la wamisionari katikati. Tulijaze maji lipendeze, au homa ya dengue itatumaliza?
*Msomaji, Kinondoni*

Jiji hili lilipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaa kwenye maji yaliyotulia ya kiasi cha kifuniko cha chupa. Birika mnaweza kulijaza mkiwa na perege wadogo 10 au 15 ndani yake, na mtu mwenye jina anayelitazama kila Jumapili baada ya ibada. Mkimkosa mtu huyo, toboeni tundu la kutolea maji chini pale lilipokuwepo la zamani, jazeni kokoto sentimita 20, juu yake udongo na mboji, mpande mchaichai. Mawe yake yatabaki kuonekana, na siku akipatikana mtunzaji, udongo unatoka kwa koleo asubuhi moja.